Fundi Mwanya na Vyuma vya Meno

Ukitaka kushonewa nguo katika mtaa ule, usipoteze muda kusoma kibao kilicho juu ya mlango. Rangi yake imebabuka, na herufi zilizobaki hazisemi kitu. Uliza kwa Mwanya. Mtu yeyote atakuonyesha: pale, ukishampita kinyozi, mlango wa kijani wenye pazia lililofungwa fundo katikati.

Mwanya wa kwanza alikuwa mama mtu. Alikuwa na cherehani, na alikuwa na mwanya wa meno ya mbele, juu, katikati kabisa, na vitu hivyo viwili vilimtosha kujulikana mtaa mzima. Alipofariki, binti yake alikalia kiti kile kile na kukanyaga pedali ile ile. Kwa kuwa naye alikuwa na mwanya pale pale, watu hawakujisumbua kutafuta jina jingine. Walisema tu "peleka kwa Mwanya", na kazi ikaendelea, kama fundi anavyofunga uzi mpya kwenye mashine na kuendelea na mshono ule ule.

Basi habari hii ni ya huyo binti, ingawa kumwita binti ni kumpendelea kidogo. Alishafika umri wa kuitwa shangazi na watu wasio ndugu zake. Aliishi na baba yake, mzee aliyekuwa fundi magari mpaka mgongo ulipomkataza kulala chini ya injini.

Sasa, fundi cherehani wa kawaida ana mikono miwili. Mwanya alikuwa na mitatu. Akipiga bandi, ule mshono wa muda, kwenye bitana, mkono mmoja umeshika kitambaa, mwingine umeshika sindano, na uzi wenyewe umeingia katikati ya yale meno mawili, umetulia humo kama umepata kwao. Akimaliza, anauvuta kidogo pembeni, tak, umekatika. Hakuna aliyemfundisha. Alikua akimwona mama yake akifanya hivyo, na siku alipopata meno ya ukubwani, alishangaa kukuta naye ana mahali pa kupitishia uzi.

Vyuma vya meno viliingiaje hapo? Viliingia kwa njia ya taya. Meno ya upande wa kulia yalikuwa yanaumana vibaya. Akitafuna, taya linalia kama bawaba kavu, na ikifika jioni kichwa kinamgonga mpaka anashindwa kutumbukiza uzi kwenye tundu la sindano. Alijikaza kwa muda mrefu, lakini maji yalipozidi unga akaenda kwa daktari wa meno.

Daktari alikuwa kijana mpole, wa sauti ya chini. Alimweleza habari za taya, namna meno yanavyolika yasipokutana vizuri, namna waya unavyoyavuta polepole. Fundi aliuliza yale anayouliza kila mtu: itauma? Nitakula nini? Watu watanionaje? Yote yakajibiwa. Lakini habari ya mwanya hakuna aliyeigusa, si yeye wala daktari. Daktari alidhani kila anayekuja kwake anataka meno yabanane kama matofali, maana wengi wanaokuja ndicho wanachotaka. Fundi naye alidhani hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuugusa mwanya, maana mwanya ni urembo, na urembo hauna ugonjwa. Kila mmoja akaona jambo liko wazi mno, halihitaji kutajwa. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na wote wawili walikuwa wanacheka na kupeana mikono.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuwekewa vyuma, alikuja dukani amefunga mdomo. Dukani pale kulikuwa na mashine ya pili, ya fundi suti aliyeitwa Kipara kwa sababu ambayo haikuhitaji maelezo. Kipara hakuweza kuvumilia hata mpaka chai.

"Dada, hebu cheka kidogo nione."

Akacheka. Kipara akajiziba macho kwa kitambaa cha suti ya mtu.

"Mama yangu! Treni inapita saa ngapi hapo?"

"Inasubiri kichwa chako kikauke, ipite juu yake. Maana huko ndiko hakuna nyasi."

Mteja mmoja, mama mwenye mapacha, alikuwa ameketi akisubiri sare za watoto wake. Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Lakini fundi, ukinywa maji si utapata kutu?"

"Nitapaka mafuta ya cherehani."

Maneno yalikuwa mepesi, lakini kinywa kilikuwa kizito. Ndani ya midomo kulichubuka. Daktari alimpa nta ya kubandika kwenye vyuma vinavyokwaruza, akawa anaifinyanga kwa vidole huku mteja akimweleza mtindo wa mikono ya gauni. Herufi nyingine zilitoka na mate. Akisema "shati", shati lilitoka limelowa. Mkate aliuloweka kwenye chai. Nyama aliikata vipande vidogo vya kumlisha mtoto, na bado nyuzinyuzi zake zilijificha kwenye waya, akakaa na kiburashi chembamba kama mtu anayefagia ngazi. Aliota karanga. Kweli kabisa, aliota amekaa mahali peke yake na bakuli la karanga za kukaanga, na hakuna mtu anayemwambia kitu.

Vyote hivyo alivizoea. Mwili una heshima, ukiubembeleza unakubali. Mambo mawili ndiyo aliyoshindwa kuyazoea.

La kwanza lilikuwa baba yake. Siku zote walikula wakitazamana, meza ikiwa karibu na dirisha. Mzee alipenda kumchekesha binti yake wakati ana tonge mdomoni. Alikuwa na hadithi za wenye magari waliokuja gereji wakisema gari lina mlio wa ajabu, kumbe mlio ni wa paka aliyelala kwenye boneti. Tangu vyuma vilipoingia, mzee aligeuza kiti chake. Alisema anataka mwanga. Alikula akitazama barabara, na hadithi zikakauka. Binti aliona, akasema moyoni: namtia kinyaa baba yangu.

La pili lilikuwa uzi. Mkono ulikuwa na mazoea yake, haukuomba ruhusa. Siku moja alikuwa akikaza vifungo vya koti, na uzi wa vifungo vya koti ni mnene. Alizungumza na mteja huku mkono ukiupeleka uzi mdomoni kama kawaida. Akavuta. Tak! Lakini haukukatika uzi. Kitu kidogo kiliruka, kikadunda kwenye meza ya kukatia, kikapotea. Kipara alipiga magoti, akakipata chini ya pasi: kile kichuma kilichogundishwa kwenye jino la mbele.

"Shika kito chako," alisema. "Mwenzio anaangusha hereni, wewe unaangusha meno."

Daktari alikitazama, akamtazama na yeye. "Umetafuna mfupa?"

"Uzi."

"Uzi wa nguo?"

"Wa koti," alisema, kama vile hilo lingempunguzia kosa.

Daktari alicheka nyuma ya barakoa yake, akamgundishia kichuma kingine, akamwambia mkasi ulitengenezwa kwa kazi hiyo. Basi akanunua mkasi mdogo, akautundika shingoni kwa utepe. Kazi ikawa ya kusimama na kuanza. Shika kitambaa, weka chini, tafuta mkasi, kata, shika tena. Mkono ulikuwa bado unakwenda mdomoni wenyewe, unafika, unarudi taratibu, kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa na hakuambiwa wenyewe wamekwenda wapi. Alitamani kushona kwa namna yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kwenye mashine yake, na bado alikuwa na hamu ya kurudi kazini.

Miezi ikapita. Taya likanyamaza. Kichwa kikaacha kugonga. Alianza kumsifu daktari kwa kila aliyeingia dukani, mpaka Kipara akauliza kama analipwa kwa kutangaza.

Kisha ikaja asubuhi moja ambayo alijisahau. Ulikuwa uzi mwembamba wa kushonea blauzi, uzi usioweza kuvunja kitu. Aliupeleka kwenye meno. Haukuingia. Alidhani ameukosea, akajaribu tena, polepole. Uzi uliteleza juu ya meno kama juu ya ukuta.

Aliweka blauzi chini. Akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, kwenye kioo kirefu cha wateja, akafunua meno. Kati ya meno yale mawili hapakuwa na mlango. Palikuwa na mstari tu, kama mstari wa chaki kwenye kitambaa cheusi.

"Dada," Kipara aliita kutoka nje, "umejifungia humo na nani?"

Akachungulia, akamkuta amesimama mbele ya kioo, machozi yanatiririka juu ya vile vyuma. Kipara, mtu wa maneno mengi, alirudi kwenye mashine yake, akaikanyaga kwa nguvu bila kitambaa, ili watu wa nje wasisikie kilio.

Nisikilize vizuri hapa, usije ukasema fundi huyu alilia kwa ajili ya urembo. Mama yake aliacha picha chache sana, na katika zote amefunga mdomo. Ya kitambulisho ilitaka afunge. Ile ya dukani alipigwa akiwa na pini midomoni. Katika ile ya tatu aligeuka kumwita mtu, uso ukawa ukungu. Hapakuwa na picha hata moja inayoonyesha alivyocheka. Kicheko kile kilibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye kioo hicho. Kila asubuhi, kabla ya kufungua pazia la mlango, binti alisimama pale akacheka kidogo, mara moja tu, akamwona mama yake, akaenda kuanza kazi. Vyuma vilipoingia alicheka kwa kufunga midomo, kwa haya. Alijiambia siku zitafika, vyuma vitatoka, mama atakuwapo. Na sasa mama alikuwa anafungiwa mlango polepole, na aliyempeleka kwa fundi wa kufunga milango ni yeye mwenyewe.

Hakungoja siku yake ya miadi. Alikwenda kliniki na mkasi shingoni.

"Umenizibia mwanya wangu," alisema hata kabla ya kuketi.

Daktari alifurahi. "Umeona ulivyozibika vizuri? Wengine huchukua..." Kisha akauona uso wa mgonjwa wake. Akavua glavu. "Hukutaka?"

"Nani alikuambia nataka?"

"Hakuna." Alikaa kwenye kile kiti chake cha magurudumu. "Hakuna aliyeniambia. Nilidhani. Samahani, mama. Ilikuwa juu yangu kuuliza."

"Na mimi sikusema," fundi alijibu, hasira ikimwishia kabla hajaitumia. "Mwanya unaweza kurudi, au ndiyo basi?"

"Unaweza. Nitaweka springi ndogo kati ya haya mawili, iyasukume. Taya lako halitadhurika, mradi tusizidishe. Lakini si kazi ya haraka, na baadaye itabidi kuwe na kiwaya nyuma ya meno ili yasihame. Ila niambie, uwe na upana gani? Vipimo vyako vya mwanzo ninavyo. Naweza kuurudisha vile vile, naweza kuupunguza, naweza hata kuuongeza kidogo."

"Uwe kama wa mama yangu."

"Wa mama yako ulikuwaje?"

"Ulikuwa huu huu. Wangu na wake ni mmoja."

"Una hakika?"

Alifungua mdomo kusema ndiyo, na ndiyo haikutoka. Mwanamke yule alikuwa amepima viuno na mabega ya mtaa mzima. Anayemjua kwa sura alimjua na kwa kipimo cha shingo. Lakini mwanya wa mama yake hakuwahi kuupima. Watu walisema ni mmoja, naye akakua ndani ya neno hilo kama mtoto ndani ya nguo aliyorithi, bila kuuliza ilishonwa kwa mwili wa nani.

"Nenda kaulize nyumbani," daktari alimwambia kwa upole. "Nitakungoja."

Nyumbani palikuwa na mtu mmoja tu wa kuulizwa. Mzee alikuwa mezani, uso dirishani, glasi ya chai mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umewahi kurudi leo."

Akavuta kiti, akakaa upande wa dirisha, mbele ya macho yake, pasipo na pa kukimbilia. "Baba, mwanya wa mama ulikuwa na upana gani?"

Mzee aliweka glasi chini. Tangu mazishi walikuwa wanalizunguka jina la marehemu kwa adabu, kama watu wanavyozunguka kiti cha mtu aliyetoka kidogo. Binti alidhani atakasirika. Badala yake mabega ya mzee yalianza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Mwanya wa mama yako? Ungekuwa wa plagi, cheche isingeuvuka, gari lisingewaka!"

"Baba!"

"Nakuambia! Kijiti cha kiberiti kilipita bila kugusa huku wala huku. Siku za mwanzo mwanzo alikuwa ananionyesha, anakiweka hapo, kinasimama. Tukila machungwa, alitema mbegu kupitia hapo hapo, akampiga nayo yule paka wa jirani. Paka alikuwa akimwona na chungwa, anahama ukuta." Alijifuta macho kwa kiganja. "Na maji ya baridi yalimwingia moja kwa moja. Alikuwa anakunja uso, jicho moja, hili la kushoto."

"Mimi wangu haukupitisha kijiti."

"Wako? Wako ulikuwa wa uzi tu, mama. Mdogo. Mzuri, lakini mdogo."

"Watu walisema ni mmoja."

"Watu wanasema. Wao walikuja kuchukua nguo. Mimi nilikuwa nawatazama ninyi wawili."

Miaka yote ile binti alikuwa akisimama mbele ya kioo akimwamkia mama yake, kumbe aliyekuwa anamwitikia ni yeye mwenyewe. Kitu ndani yake kiliteleza. Kisha, palipokuwa na kitu hicho, likaingia wazo, na wazo lenyewe lilikuwa tamu mpaka likamtisha.

"Baba. Daktari amesema anaweza kuuongeza. Nikimwambia kijiti cha kiberiti, ataufanya kijiti cha kiberiti."

Mzee alichukua glasi, akaikuta tupu, akanywa hivyo hivyo. Akamtazama binti yake mdomoni, kwa mara ya kwanza tangu vyuma vilipoingia, akatazama kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mtu anayeshuka kwenye basi na wewe huna hakika kama ndiye. Binti aliona namna alivyotaka. Mtu mzima yule alitaka kama mtoto anavyotaka. Angesema ndiyo, angepewa.

"Hapana," alisema mwishowe.

"Kwa nini? Wewe humtamani?"

"Namtamani. Unadhani niligeuza kiti kwa nini? Ulipoanza kucheka umefunga mdomo, nyumba hii ilinyamaza. Nikaona bora nitazame barabara. Huko angalau kuna watu wanapita."

"Nilidhani nakutia kinyaa."

"Kinyaa! Mimi niliyekula miaka na miaka kwa mikono yenye grisi?" Akatikisa kichwa. "Sikiliza, mwanangu. Ukiuweka wake, kila ukicheka nitakuwa nautazama mdomo wako nikimtafuta mtu mwingine. Nitamkosa yeye, halafu nitakukosa na wewe. Yule alikwenda na wa kwake. Mwambie daktari akurudishie wako."

"Na yeye je? Nitamwona wapi?"

Mzee alifikiri. "Uliza. Si umeuliza leo? Ziko hadithi nyingine. Ile ya paka ni ndogo tu." Akainuka, mgongo ukilalamika, akakishika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza kikaitazama meza.

Binti alirudi kliniki. Daktari aliuliza, "Basi, kama wa mama?" naye akajibu, "Wangu," akafumba macho, maana neno lile lilikuwa jepesi kulisema na zito kulimeza. Springi ikawekwa, ndogo kama kipande cha uzi wa chuma uliojisokota. Maumivu yalirudi, nta ikarudi, na mkate ukarudi kwenye chai.

Dukani Kipara aliuliza kama reli inapanuliwa kwa ajili ya treni ya pili. Alijibiwa kwamba ndiyo, na kituo kitajengwa kichwani kwake. Mkasi ungali unaning'inia shingoni. Mkono ungali unakwenda mdomoni, unafika, unarudi.

Kila siku wanapomaliza kula, mzee anavaa miwani yake na kuinama juu ya meza.

"Haya, cheka nione."

Binti anacheka, mdomo wazi, vyuma vyote nje. Mzee anachunguza kwa umakini, jicho moja amelifumba, kama anavyochungulia ndani ya injini.

"Bado," anasema.

"Lakini unakaribia?"

"Unakaribia, unakaribia."

Binti anajua anamdanganya, maana ulimi wake ulishapita hapo kabla ya miwani ya mzee, ukakuta mstari ule ule. Hamkatalii. Anasogeza glasi pembeni, anaegemeza viwiko mezani, na kumwuliza siku ile mama alipopigwa picha akageuka, alikuwa anamwita nani.